Sele Alivyofukuzwa Kazi na Vidole Vyake Mwenyewe

Nimeona mengi, lakini mtu kufukuzwa kazi na vidole vyake mwenyewe nimeona mara moja tu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Ruiru, upande wa Kimbo, kwenye uwanja wa nyuma wa baa moja. Watu wamejaa hadi kwenye ukuta. Moshi wa nyama choma unaingia machoni. Jukwaani kinanda kinalia.

Upigaji ni wa Sele. Huo ningeutambua hata nikiwa na homa.

Lakini Sele hakuwa jukwaani.

Sele alikuwa chini, katikati ya umati, mikono mfukoni, machozi yanamtiririka.

Wale wanaosema stori zangu zimezidi chumvi, leo wasogee karibu. Hii sijaitia hata punje. Chumvi yote ilibaki kwenye mashavu ya Sele.

Wacha nianze mahali pa kuanzia.

Bendi yetu iliitwa Chania Sound, na Thika nzima ilitujua. Mimi Kiilu nilipiga gita la besi. Mwanzia, jirani yangu kutoka Ngoliba, alikuwa kwenye ngoma. Magdalene aliimba. Sele, mtoto wa mtaa wa Majengo, alipiga kinanda.

Na juu ya vichwa vyetu sote alikaa Gachau.

Gachau hakujua kupiga hata filimbi ya refa. Lakini alikuwa mwenye vyombo. Miaka hiyo ya tisini sheria ya bendi ilikuwa moja: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Wewe unaleta mikono tu, kama kibarua anayepewa jembe getini na kulirudisha jioni.

Sele alikuwa moto. Hilo simnyimi.

Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilivunjika akiwa mtoto, kikapona kombo. Kila alipokimbiza wimbo kwenda juu, kile kidole kilichelewa. Sauti ya mwisho iliingia kama mgeni anayefika harusini watu washaanza kunawa. Watu walipenda hiyo kitu vibaya sana. Wakaiita kigugumizi cha Sele.

Mdomo wake sasa, huo haukuwa na kigugumizi.

"Kiilu, hiyo besi unapiga ama unakuna mbuzi?"

"Mwanzia, ngoma ni ya kupiga bana, si ya kuomba msamaha."

Tulicheka. Ungefanya nini? Mtu akijua kazi, watu humvumilia matusi.

Halafu, mwaka wa tisini na sita, Gachau akaleta kinanda kipya.

Kirefu, cheusi, kimejaa taa ndogo kama mji wa watu wengine. Ubavuni kilikuwa na kinywa cha kumeza diski. Ukikipigia kitu, kinakumbuka. Ukibonyeza, kinarudia vilevile ulivyopiga, na hakichoki. Na kilikuwa na sauti zote: ngoma, besi, tarumbeta, hata wamama wa kuitikia.

Sele alikizunguka kama mtu anayeposa.

"Hii mashine iko na masikio," akasema.

Mwezi haukuisha, mama yake Mwanzia akafariki. Mwanzia akaenda Ngoliba kuzika. Jumapili ikafika, hatuna mtu wa ngoma.

"Tuahirishe," nikasema.

"Tuahirishe kwa nini?" Sele akauliza. "Mwanzia niko naye hapa."

Akabonyeza. Ngoma zikaanza.

Zilikuwa ngoma za Mwanzia kabisa, na ile tabia yake ya kugonga mara mbili kabla Magdalene hajaingia. Kumbe wiki nzima kabla ya msiba Sele alikuwa akimwambia, "Hebu nigongee ile yako kwa meza nisikie." Mwanzia akagonga. Sele akaiga kwa vidole, mashine ikameza.

Watu walicheza siku hiyo hadi viatu vikapotea.

Gachau alisimama mlangoni akitingisha kichwa. Mwishowe akasema neno ambalo mimi hadi leo nikilikumbuka chai hunipalia.

"Hii haiendi mazishi."

Mwanzia aliporudi alikuta ngoma zake zimefungwa kwa kamba, zimeegemezwa karibu na choo.

Akasikiliza mashine ikicheza. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sele," akasema polepole, "hiyo si ni yangu?"

Sele hakugeuka hata.

"Ngoma ni ya nani? Ya Gachau. Kinanda ni cha nani? Cha Gachau. Mwenye vyombo ndiye mwenye sauti, ndugu yangu. Na usijali. Hujaachwa. Uko ndani." Akaigonga ile mashine kwa kidole, to, to. "Nimekuweka ndani."

Mwanzia alirudi Ngoliba kulima ndengu. Alikuwa na udongo wa kaburi la mama yake bado kwenye viatu.

Mimi nilijua zamu yangu inakuja. Kuku akiona mwenzake amepotea, hata maji anakunywa akiangalia nyuma.

Sele akaanza urafiki. Akaninunulia chai. Akaninunulia mandazi.

"Kiilu, hebu nionyeshe ile besi ya wimbo wa Magdalene, unaanzia wapi?"

"Sikuonyeshi."

"Haiya! Umekuwa mganga unaficha dawa?"

Sikumwonyesha. Lakini nilimdanganya nani? Nilikuwa naipiga kila Jumapili mbele ya masikio yake. Baada ya muda mfupi nikafika mazoezini, nikakuta gita langu, yaani la Gachau, limeuzwa kwa kwaya moja huko juu Gatanga.

"Kiilu," Gachau akaniambia, "wewe unakula nyama kuliko mbwa wa bucha. Hii mashine haili."

"Sasa mimi nitafanya nini, Mzee?"

"Spika ni nzito. Zinataka mtu."

Nikabeba spika. Mnaweza kunicheka. Lakini mtu aliyezoea kelele, kimya humuua haraka kuliko njaa.

Sele akabaki mfalme. Yeye, mashine na Magdalene. Akanunua kiti chenye mto. Akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikipita na spika mgongoni ananiita, "Niaje, Besi!" kisha anacheka peke yake.

Kiburi kikapanda hadi akamwendea Gachau na ombi.

"Mdosi, bendi ni mimi. Wacha iitwe Sele Sound."

Nilikuwa hapo, nakunja waya. Gachau hakukasirika. Hiyo ndiyo iliyoniogofya. Alitabasamu kama paka kwenye mlango wa maziwa.

"Hakuna shida, kijana. Lakini kwanza nirekodie nyimbo zote. Zote, na zile mbwembwe zako, kutoka juu hadi chini. Si unajua malaria? Ukilala siku moja, watu watanivunjia viti."

Sele akafungiwa kwenye stoo nyuma ya duka la Gachau pale Thika, akaanza kuijaza mashine. Mimi ndiye nilimpelekea chai.

"Sele," nikamwambia, "unaona unachofanya?"

"Nafanya nini?"

"Ulimweka Mwanzia ndani. Ukaniweka mimi ndani. Sasa unaingia mwenyewe, na unafunga mlango."

Alicheka hadi akamwaga chai.

"Wivu, Kiilu! Mashine bila Sele ni sanduku. Nenda ubebe spika, bana."

Nikaenda nikabeba spika.

Kwenye wimbo mkubwa wa Magdalene, ule wa kufungia, kile kidole kikachelewa kama kawaida. Nilisikia nikiwa mlangoni. Angeweza kufuta arudie. Hakufuta.

"Wacha ikae," akasema. "Hiyo ndiyo sahihi yangu."

Siku alipomaliza, Gachau alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru sana. Jumapili iliyofuata Sele akafika kazini, akakuta kiti chake kina mtu.

Gachanja. Mume wa binti wa Gachau. Kijana mrefu, mzuri wa sura, muuza suti za mitumba, ambaye hakujua kinanda kinaanzia kulia au kushoto. Amevaa suti nyeupe. Amekalia mto wa Sele.

"Huyu ni nani?" Sele akauliza.

"Ni wa kinanda," Gachau akajibu.

"Anajua kupiga?"

"Anajua kubonyeza."

Sele akageuka rangi.

"Mzee, hizo diski ni zangu! Hiyo ni mikono yangu!"

"Atiriri, hebu nikuulize, kijana." Gachau aliongea kwa upole, kama mtu anayefundisha mtoto kuhesabu. "Ukipika na unga wangu, kwa sufuria yangu, jikoni kwangu, ugali ni wa nani?"

Sele akaikazia macho ile mashine.

"Mwenye vyombo ndiye mwenye sauti," Gachau akamalizia. "Si wewe ulisema? Nilikuwa hapo nasikia. Nikasema, huyu kijana ana akili."

Sasa turudi Kimbo.

Gachanja yuko jukwaani, suti inang'aa, anachezesha vidole juu ya kinanda kama mtu anayepangusa vumbi. Wasichana wanapiga mayowe. Sele yuko chini, machozi yanatoka. Mimi nimekaa juu ya spika, naona wote wawili.

Magdalene akaanza wimbo wa kufungia. Mashine ikapanda juu, juu, juu, kisha ile sauti ya mwisho ikachelewa.

Kigugumizi.

Umati ukalipuka. Na hapo ndipo kamba ya Sele ilipokatika.

Aliruka jukwaani, akamshika Gachanja kola, akamvuta kando.

"Angalieni!" akapaza sauti. "Angalieni mikono yake! Huyu hapigi! Huyu ni mwongo!"

Gachanja akainua mikono hewani kama mtu aliyeshikwa na polisi.

Muziki ukaendelea.

Kinanda kikapiga chenyewe, hakuna aliyekigusa. Magdalene, masikini, akaendelea kuimba kwa woga. Uwanja mzima ukaacha kucheza.

Nikajisemea, leo Gachau ameisha. Leo viti vitapaa.

Halafu mzee mmoja mbele, chupa mkononi, akapaza sauti: "Ngai! Kinajipiga!"

Wacha wewe! Watu waliruka. Walipiga meza. Wengine walipanda juu ya viti waone vizuri. "Kinajipiga chenyewe! Kinajipiga!" Mama mmoja alimtuma mtoto akaite majirani. Maishani mwangu, hata wakati sisi bendi nzima tulipokuwa tukitoka jasho, sijawahi kusikia shangwe kama ile.

Sele alisimama katikati akizungusha macho. Alikuja kufichua mwizi, watu wakampigia mwizi makofi.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Hii ni mimi mnasikia! Ni vidole vyangu!"

"Basi piga tuone!" mtu akamwambia.

Akaivuta diski, akaitupa chini. Kimya. Akakaa kwenye kiti chake chenye mto. Akapiga.

Jamani.

Alipiga vizuri, nakula kiapo. Lakini alikuwa peke yake. Bila ngoma. Bila besi. Ilisikika kama kijiko kwenye sufuria tupu.

Akaliona hilo mwenyewe. Akageuza shingo, akanitafuta, akanipata juu ya spika. Miwani ilikuwa imeanguka. Nikaona macho yake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kiilu," akaniita. "Ndugu yangu. Nishikie besi."

Ile "ndugu yangu" ilitoka kooni kama mfupa.

"Besi iko ndani, Sele," nikamwambia. "Uliiweka wewe."

Akakigeukia kinanda. Akaendelea kupiga, akapanda juu, akafika pale mwisho, na kile kidole, kwa sababu kilikuwa kidole chake na si cha mtu mwingine, kikachelewa.

Yule mzee wa chupa akaangua kicheko.

"Huyu naye! Anaiga mashine hata pale inakwama!"

"Na hata kuiga hajui!" mwingine akaongeza.

"Rudisha mashine! Rudisha mashine!"

Wakaanza kumrushia mifupa ya nyama.

Gachau alipanda jukwaani bila haraka. Akaiokota diski, akaipangusa kwenye shati lake, akairudisha kinywani. Kisha akakivuta kile kiti kando, na Gachanja akaambiwa ashuke arudi kwa suti zake. Hakuhitajika tena hata yeye.

Jumapili iliyofuata karatasi zilibandikwa kutoka Thika hadi Ruiru: NJOO UONE KINANDA KINACHOJIPIGA.

Watu walikuja hadi wakakosa pa kusimama. Na kila ulipofika ule wimbo wa kufungia, walisubiri pale mashine "inapokwama" ili wapige makofi. Jina la kigugumizi cha Sele halikutajwa tena. Wakakiita kigugumizi cha mashine.

Sele alipotea wiki kadhaa. Kisha Jumapili moja, tukishusha vyombo, nikaona mtu amesimama karibu na pickup. Hana miwani. Viatu vimepinda.

"Mzee anasema kama nataka kazi, spika ni nzito," akasema, akiangalia chini.

Nikamwonyesha upande wa pili.

"Shika hapo. Si hapo, chini. Utaumiza kidole."

Tukainua. Ndani ya ukumbi kinanda kilikuwa kinajaribiwa, kinapanda juu, juu, juu. Kilipofika pale mwisho, sauti ikachelewa. Nikahisi spika imetikisika upande wake.

Nikasema, "Usijali, Sele. Hujaachwa."

Ukimfundisha punda njia ya kwako, usishangae siku akifika nyumbani bila wewe. Na kama wenzako uliwatupa mwenyewe kando ya hiyo njia, usigeuke kuwaita wakusaidie kumkimbiza.

Na wewe unayecheka hapo na simu mkononi, hebu kwanza jiulize: ile kazi yako, siku hizi unamfundisha nani?