Kondoo wa Ipelele Alikuwa Macho

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti wa mifugo, nje kidogo ya Makambako, nilimkuta mkuu wa maabara akinoa kisu. Hakunikaribisha. Aliniuliza kama naogopa kumuua mnyama niliyemhudumia asubuhi. Nikamjibu kwamba nimesomea udaktari wa mifugo na jibu ninalo tangu chuoni. Akanirushia koti, na kuanzia hapo kazi ya kuwalaza wanyama kwa nusukaputi ikawa yangu.

Kondoo wa milimani walikuwa wakisumbuliwa na kizunguzungu. Mayai ya mnyoo wa mbwa huliwa pamoja na majani, na kiluwiluwi kikifika kichwani hujenga mfuko wa maji unaokandamiza ubongo. Mnyama huzunguka upande mmoja mpaka anaanguka. Tuliweza kutoboa fuvu na kuutoa mfuko, lakini wengine walikufa baada ya upasuaji, nasi tulitaka kujua kila sehemu ya ubongo ilikuwa ikipata damu kiasi gani.

Kupima hivyo kunahitaji mikono mitulivu. Unapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa hadi chumba cha kushoto cha moyo, unaingiza chembe ndogo mno za plastiki zenye rangi. Damu huzisambaza mwilini, nazo hukwama kwenye vijishipa vyembamba. Wakati huohuo pampu inavuta damu ya mshipa mwingine kwa kasi unayoijua, ili upate cha kulinganishia. Kisha mnyama anauawa akiwa usingizini, ubongo unakatwa vipande, mbele, nyuma, shina, na rangi ya kila kipande inapimwa. Penye rangi nyingi, damu ilipita kwa wingi.

Mkuu wa maabara alikuwa mkali kwa jambo moja: mnyama asijue kitu tangu kisu cha kwanza hadi mwisho. Alipostaafu, akaletwa mtafiti mkuu, msomi wa kweli, mwepesi wa maneno. Huyo aliona nusukaputi inamharibia vipimo kwa kuwa hubadilisha mwendo wa damu kichwani. Hapo alikuwa sahihi. Lakini dawa aliyoipata ni kupunguza usingizi na kuongeza dawa ya kulegeza misuli, ile inayomfanya mnyama ashindwe hata kupumua bila mashine. Nilimpinga ofisini kwake. Alinisikiliza, akanishukuru, akafanya alivyotaka.

Kondoo wa kwanza kwa utaratibu huo alikuwa jike la Mzee Sanga wa Ipelele. Mzee alimleta mwenyewe kwa gari la viazi. Nilimweleza wazi kwamba hatarudi. Alikubali, maana kundi lake zima lilikuwa hatarini, ila aliniomba neno moja.

“Daktari, asiumie.”

Nikamwahidi.

Kisu kilipoingia, mapigo ya moyo kwenye mashine ya vipimo yalipanda ghafla, na presha nayo. Nikamwinamia kondoo. Machozi yalikuwa yakimtoka.

“Yuko macho,” nilisema.

“Hajasogea,” alijibu mtafiti mkuu.

“Atasogeaje? Umemfunga misuli yote.”

Akaniambia nisiguse chochote, zimebaki dakika chache chembe ziingizwe. Nilifungua nusukaputi yote, kisha nikamchoma sindano ya kumaliza. Kondoo akafa palepale, na jaribio likafa naye. Mtafiti mkuu alivua glovu taratibu, akatoka.

Kwenye kikao cha wafanyakazi nilieleza yote. Wenzangu, watu waliojua kusoma mashine ile kama mimi, walitazama sakafu. Baadaye wawili walinifuata koridoni kunipongeza kwa sauti ya chini. Hao ndio walionichoma zaidi. Haikupita muda nikahamishiwa Njombe kukagua nyama machinjioni, na huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu.

Kabla ya kuhama nilipanda Ipelele. Mzee Sanga alinisalimu kwa “kamwene”, salamu ya huko, akanipa kiti. Nilimwambia kilichotokea bila kupunguza. Aliinuka, akaenda kuwaambia majirani. Tangu hapo hakuna aliyepeleka kondoo kule. Mradi ukasimama, na kondoo wao wakaendelea kuzunguka na kufa, kwa sababu wenye majibu waliwavunjia imani wenye mifugo. Mtafiti mkuu alipandishwa cheo, akaondoka.

Nimestaafu, nalima mahindi yangu hapa Mahongole. Vijana wa fani hii wakinitembelea huniambia siku hizi kuna kamati za maadili. Ni vizuri. Lakini kamati haikai mezani penye damu. Pale utakuwa wewe, na bosi wako akiwa na haraka.

Mwaka huu nilikutana na yule mtafiti mkuu msibani, hapahapa Mahongole. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alikaa karibu nami kwenye benchi, akaulizia watoto, kisha akasema, “Mama, yale yalishapita. Wakati ule hatukujua.”

“Tulijua, mzee,” nilimjibu. “Mimi nilikwambia, na wewe ulinisikia.”

Akabaki akinitazama, akingoja niongeze neno la kulainisha. Nilichukua kikombe changu cha chai, nikahamia benchi jingine.