Mgonjwa Niliyeigiza

Tulikuwa wauguzi wa Kamina, tukifundishwa namna ya kuongea na wagonjwa wa kisukari. Mwalimu alinichagua niigize mgonjwa. Muuguzi wangu akawa mwenzangu mmoja, bwana mkubwa wa mwili anayefokea kila mtu. Nikajifunga kitenge kichwani, nikaingia nikichechemea.

"Mama, acha bukari!" akaanza. Kwetu bukari ndiyo ugali.

"Miye niache bukari, nikule nini? Kiti?"

Darasa likacheka. Akanieleza mambo ya damu na kongosho kwa Kifaransa kirefu. Nikakoroma.

Nilidhani atakasirika. Kumbe alivuta kiti, akakaa karibu nami, akauliza polepole, "Mama, kwako munakulaka bukari ya namna gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono donge kubwa kama kichwa chake.

"Sasa ukate kidogo, sawa ngumi," akasema, akikunja ya kwake, nene kama sufuria.

"Aksanti, baba! Kila siku ukuye ku nyumba na ngumi yako, unipimie."

"Hapana, mama! Ngumi yako weye!"

Akacheka mpaka akashika meza. Miaka yote ya kufanya kazi pamoja, sikuwa nimemwona akicheka na mgonjwa, hata wa kuigiza.