Marcella Amtemea Mate Mama wa Chuma

Marcella wa Kiirua hana dogo. Bintiye Gatwiri alipoacha ualimu akaanza kuunga vyuma kuukuu na kuviita sanaa, mama alinuna mpaka viazi shambani vikajua. Akaapa kwamba baraka zake Gatwiri hazipati ng'o. Na huko kwao, mama humbariki mwanawe kwa kumtemea mate kidogo viganjani. Asipokutemea, hata upate sifa vipi, moyo hautulii. Sifa Gatwiri alikuwa nazo, lakini viganja vyake vilikuwa vikavu.

Siku maonyesho yake yalipofunguliwa katika jumba moja la sanaa mjini Meru, Marcella alienda shingo upande, kitambaa cha kanisani kichwani, uso ameukunja. Wee! Kisirani chenyewe hakikuvuka mlango. Ndani alisimama mwanamke wa chuma anayekaribia dari, matiti sufuria, makalio madigadi ya trekta, na tumboni tundu la kupitisha mbuzi. Marcella akachungulia tunduni, akakutana uso kwa uso na mgeni mwingine anayechungulia kutoka upande wa pili. Kicheko kikampasuka. Akazunguka, akachungulia tena, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka, mama mzima wa kanisa! Alipoinua macho akaona kwenye paji la uso la yule mwanamke bonde lililochimbwa na ukanda wa kubebea kuni, sawasawa na lililo kwenye paji lake mwenyewe.

Furaha ilimpanda kichwani. Kabla hajafikiri, alisogea, akatema: tfu! Mate yakatua kwenye goti la chuma.

Njue, mlinzi wa jumba, alikuja mbio akisema kwamba uzee si hoja, shosho au si shosho, hapa mtu akitema mate anatolewa nje. Gatwiri akamkinga mama yake.

"Mwache. Anabariki."

Njue ni mtu wa Embu, mambo hayo anayajua. Akavua kofia. Gatwiri naye akamkunjulia mama yake viganja.

"Chuma umekibariki, Mama. Na mimi je?"

Marcella alikumbuka kiapo chake, akaona haya. Akaishika ile mikono, akavuta mate. Wapi! Kucheka kote kule kulikuwa kumemkausha mdomo. Akajaribu tena, hola, na kicheko kikamrudia, safari hii na machozi.

"Kijana," alimwambia Njue, bila kuviachilia viganja vya bintiye, "kimbia uniletee maji."