Barua za Kaka Zilizoishia kwenye Taka

Kaka yetu alipopiga simu kutoka Australia, hakunisalimia vizuri.

"Mama amenikasirikia? Naandika, naandika, hajibu hata neno."

Akaunti ya barua pepe ilikuwa ya mama, ingawa mama hajui kusoma. Niliifungua mimi kaka alipoondoka kambi ya wakimbizi kwenda Australia, kwa sababu mama alitaka maneno yake asomewe kwa sauti, polepole, na yakimpendeza asomewe tena. Mimi nilikuwa nikiisoma kwangu Arua. Mdogo wangu, anayeishi na mama Koboko, alikuwa akiisoma huko. Mume wangu naye alikuwa nayo kwenye simu yake, kwa siku ambazo yangu haina chaji.

Nikafungua kikasha cha barua zinazoingia. Barua ya mwisho ya kaka ilikuwa ya kiangazi, na sasa mvua zilikuwa zimeshika. Nikatafuta kwa jina lake, zikaja zile zile za zamani.

Mawazo yalikwenda moja kwa moja kwa mume wangu. Hakupatana na kaka tangu siku ya posa, na siku hizo alikuwa ameanza kulaza simu yake kifudifudi mezani. Nilimwuliza kama amezigusa barua za mama.

"Barua gani? Iko mtandao mbaya tu," akasema, akaendelea kula.

Nililiona jibu hilo limekuja upesi mno. Alipokwenda kuoga niliichukua simu yake. Nilikuta habari za mpira na picha za pikipiki, basi. Nikazidi kumshuku: anayejua kufuta, hafuti nusu nusu.

Kaka akapiga tena. "Umeangalia kwenye taka?"

Zilikuwa humo, zote zikionyesha zimeshasomwa. Za zamani zaidi zilikwisha kufutika zenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta amri imeandikwa: kila kitokacho kwenye anwani ya kaka kitupwe kabla hakijafika kikashani. Mtandao mbaya hauandiki amri.

Nikasoma zilizobaki. Kaka alikuwa amepata njia ya kumchukua mama akaishi naye. Alitaka jibu la mama mwenyewe, na kila barua ilikuwa fupi na yenye uchungu kuliko iliyotangulia.

Asubuhi nikapanda gari la Koboko. Mume wangu alitaka kunisindikiza, nikakataa. Niliona anataka kunisikiliza nitasema nini. Nilimkuta mdogo wangu jikoni nyuma ya nyumba, anasonga ugali wa muhogo. Nikamnong'oneza, "Kuna mtu anatupa barua za kaka. Nadhani ni shemeji yako."

Hakugeuka. "Kama ametupa, mzuri. Mama hana nguvu ya kupanda ndege."

Sikuwa nimetaja ndege. Yeye mwenyewe alisikia alichosema. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Ni wewe," nikasema.

"Wewe uko na bwana, uko na watoto, uko Arua," akasema, machozi yakimtoka. "Kaka iko na Australia yake. Tulipokimbia vita kutoka Yei, nani alibeba mama mgongoni? Sasa mnachukua yeye, mimi nabaki na nani?"

Nilikuja na maneno makali, lakini yote yalikuwa ya kumwambia mume wangu.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Nisomeeni," akasema.

Akataka mdogo wangu ndiye asome. Alisoma zote, akikwama kwama, na mama hakumkatiza. Mwisho mama akasema, "Mwandikie kwamba nakuja. Nataka kumwona mwanangu kabla macho hayajaisha." Kisha akamshika mdogo wangu mkono na hakuuachia hadi jibu lilipokwenda.

Mama yuko kwa kaka sasa. Mume wangu alisubiri nimwombe radhi, nikamwomba, ingawa simu yake bado inalala kifudifudi. Neno la siri la akaunti nililibadilisha siku ile ile; baadaye nikampa mdogo wangu jipya, kwa sababu habari za mama huja kwa njia hiyo na yeye ndiye huzingoja kuliko sote. Lakini kila ninapofungua, kabla sijasoma salamu, huanza na mipangilio.