Fungu la Lori

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja isiyonitoka kichwani: siku niliyosimama Somanga na lori langu mwenyewe, nikijiona sultani. Nakuhadithia wewe kwa sababu mama yako kaniambia umepata Fuso lililotumika, na wiki ijayo unakwenda kulichukua. Hongera sana. Sasa kaa hapo, chai inakuja, na hiyo simu iweke chini.

Lori langu nililinunua kwa shamba la mikorosho aliloniachia baba. Ndiyo, niliiuza mikorosho ya baba. Mama alilia, wajomba wakanisema, mimi nikashika langu moja: nitabeba mizigo ya watu, sitaamrishwa na mtu. Kwa hiyo unielewe vizuri. Lile lori likipotea, na shamba limepotea, na mama hana tena msimu wa kuusubiri.

Siku hiyo nilikuwa nimepakia ufuta Kikole kwenda Dar es Salaam, na mwenye mzigo alinitangulizia nusu ya nauli. Wallahi, hela mfukoni inaweza kumbadilisha mtu hata mwendo! Nikasimama Somanga, nikaita vijana wote wa pale barabarani. Soda kwa kila mtu, samaki kwa kila mtu. "Tajiri! Tajiri!" wananiita, na mimi bila haya naitika.

Aliyekuwa akikaanga samaki hao ni Shangazi Mwanahawa, dada yake baba. Marehemu mumewe alikuwa na mashua ya kuvulia. Alikuwa mfupi, mkavu, na ulimi wake hata madereva wa mabasi waliuogopa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Naona leo unalisha mji mzima. Lori lako umelitengea nini?"

Nikacheka. "Lori halili samaki, shangazi. Linakunywa dizeli tu, na nimeshalijaza."

Yeye hakucheka. "Wewe si mtoto wa pwani? Wavuvi wakirudi, samaki wakishauzwa, kinachotolewa kwanza ni nini?"

"Fungu la chombo," nikajibu, maana hilo huku kwetu hata mtoto mdogo analijua. Inatengwa kwanza hela ya chombo, ya mbao na misumari na nyavu, ndipo mabaharia na mwenye chombo wagawane kinachobaki.

"Kumbe unajua! Haya, lete la lori."

Akaninyooshea mkono, unang'aa mafuta, mbele ya wale vijana wote. Ningefanyaje? Nikatoa. Akazitumbukiza noti kwenye kibubu, kile kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, chenye tundu la kuingizia hela tu. Akaniambia kila nikipita na mzigo nisimame, nitoe fungu kabla sijala hata kipande cha muhogo.

Nikawa nasimama. Usidhani ni kwa hekima, ni kwa kuogopa fedheha tu. Nikipita bila kusimama alikuwa akiwapa madereva wengine salamu zangu, nikifika nyumbani Mitwero watu wananiuliza, "We Hamisi, shangazi yako umemfanya nini?"

Basi mdogo wangu akataka kuoa. Mimi kaka mtu, mwenye lori, nikataka shughuli ya kusimuliwa: ng'ombe, taarabu ya kutoka Dar, sare za ukoo mzima. Hela haikutosha. Nikaenda Somanga.

"Shangazi, kile kibubu tukivunje."

"Lori linaumwa?"

"Hapana. Ni harusi ya mdogo wangu."

"Basi subiri liumwe." Akageuza samaki wake, mazungumzo yakaishia hapo.

Nilichukia, mwanangu, we acha tu. Nilimjibu maneno ambayo siyarudii mbele yako. Mdogo wangu akaoa kwa pilau la kawaida, bila taarabu, na mkewe yuko naye mpaka leo, lakini mimi nikanuna. Kuanzia hapo nikawa napita Somanga vioo juu, honi kimya. Salamu akatuma, nikazipuuza. Nikasema hela yangu, jasho langu, yeye ni nani?

Mungu naye ana mambo yake. Baada ya masika narudi na saruji kutoka Dar, injini ikaanza kugonga, ikatoa moshi, ikanoki palepale Somanga, mahali ambapo jiko la shangazi unaliona kwa macho. Fundi akafungua, akatikisa kichwa. Mwenye saruji akahamishia mzigo wake kwenye gari lingine, na nauli ikaondoka nao. Nikawatafuta wale vijana walioniita tajiri. Mmoja yuko msibani, mwingine atanipigia baadaye. Mpaka leo hajapiga.

Akaja dalali mmoja na pikipiki yake. Akalizunguka lori, akapiga mateke matairi, akataja bei ya chuma chakavu. Nikamwambia anipe nafasi nifikirie, lakini nilikuwa sifikirii chochote, nilikuwa nakubali. Nilichokuwa nawaza ni mama. Nitaingiaje mlangoni, nitaanza na neno gani?

Miguu ikanipeleka kwa shangazi. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi, nikaishia kuamkia tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Anayeumwa ni wewe au lori?"

"Ni lori, shangazi."

"Basi hela yake ipo."

Akaingia ndani, akatoka na kibubu, akanipa nyundo. Nikakivunja mwenyewe. Noti zikamwagika, zinanuka samaki, na mimi mwanaume mzima nikakaa chini kwenye mchanga nikalia kwa furaha. Zilitosha kununua vipuri, na fundi akakubali ujira wake nimalizie baada ya safari. Dalali akawasha pikipiki yake akaenda zake. Siku lori lilipowaka, nilihisi kama nimetuliwa gunia kichwani, nikapumua mpaka tumboni.

Nikamuuliza, "Shangazi, mbona hukunisema?"

"Nikuseme nini? Hukuja kwa ajili yako."

Sasa sikiliza. Fuso lako litakuletea hela nyingi kwa mkupuo, na utadhani zote zako. Si zako. Ukishusha mzigo, toa kwanza la lori, kabla ya nyumbani, kabla ya rafiki, kabla ya hiyo chai yenyewe. Ukipewa nauli ya kwenda, uliza utarudi na nini, maana lori tupu nalo linakunywa. Na fungu hilo usikae nalo wewe, utalila, nakujua. Mpe mtu asiyekuogopa. Watu watakuja na harusi, na arubaini, na kiwanja cha bei poa, na wote watakuwa na sababu nzuri. Wewe waulize swali moja tu, kama lori linaumwa. Mchangie mtu kutoka fungu lako, hata ukibaki na nauli ya bodaboda, lakini la lori liache.

Mama alikufa akiwa ndani ya nyumba iliyojengwa na lile lori. Shangazi yupo bado, macho yamefifia, na kila nikimtembelea huuliza hali ya lori kwanza, yangu baadaye. Ukilichukua Fuso lako, pitia Somanga umwamkie. Nenda na hela mkononi, maana atanyoosha mkono.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe mizigo ya kwenda na ya kurudi, akuepushe na ajali na husuda, na siku lori lako litakapougua, ulikute fungu lake lipo. Amin.