Ilias Opera ajifunza kukaa kimya Kajaga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ilias Massoudi amekalia mikono yake.

Si maneno ya kupamba. Mikono yote miwili iko chini ya mapaja, na mapaja yako juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye mchanga wa Kajaga, ufukoni nje kidogo ya Bujumbura, huku mitumbwi iliyokesha ziwani ikishusha ndagala, dagaa wa huku, na wanawake wakigombea mabeseni. Mguu wa kulia unapiga kama sindano ya cherehani. Mbele yake mama yake mdogo, Saliha, ameinamia simu yenye kioo kilichopasuka pembe zote, na Ilias ameapa kutoigusa.

"Mumuangalie huyu," anasema mwanamke mmoja akipita na beseni kichwani. "Leo wamemufunga na kamba gani?"

Ilias hajibu, jambo ambalo kwa Kajaga ni habari tosha. Saliha akiweza kutangaza samaki wake kwenye tovuti mpya ya soko, kwa simu hiyo, peke yake, mpwa wake anabaki na kazi. Akishindwa, kazi imekwisha leo, kabla ya chai.

Kazi yenyewe, ukimweleza mtu wa Buyenzi, mtaa alikozaliwa Ilias, anakutazama kwanza ajue kama u mzima. Ilias hulipwa kutembea na mfuko wa simu kuukuu. Zipo za kugusa, zipo za vitufe, ipo moja inayowaka tu ukiibana kwa kidole gumba. Kila simu ina kivinjari chake, yaani ule mlango ambao mtu hupitia kuingia kwenye intaneti, na kila mlango una tabia zake. Ofisi ikitengeneza tovuti mpya, Ilias huifungua kwa kila simu, mtaa kwa mtaa, kuona wapi inafunguka na wapi inanuna.

Ofisi ni ya mhandisi kijana aitwaye Joëlla. Ukubwa wake ni gereji ya wazazi wake huko Ngagara, kitongoji kiitwacho kartie ya tano, na gari la baba limehamishiwa nje kwa heshima zote.

"Nilitafuta mutu wa kuketi na kujaribu kurasa," anasema Joëlla. "Ilias alikuja kuomba hiyo kazi. Tulizungumza dakika kumi, akasimama mara sita. Nikamuambia basi, utajaribu ukiwa unatembea."

Baba yake Ilias, fundi wa magari, alikuwa amejaribu kumkalisha kabla ya Joëlla. Alitaka kumrithisha spana, lakini kijana hakuweza kulala chini ya gari lisilokwenda popote. Sekondari aliimaliza kwa taabu, si kwa kukosa akili, ni kwa kukosa kukaa. Baadaye akauza vocha za simu barabarani, na hapo ndipo alipopata jina.

Mteja akilalamika kwamba mega zake za intaneti zinayeyuka, Ilias alimwekea Opera Mini, kivinjari kinachobana kurasa ili zitumie mega chache. Hakutoza kitu. Aliwawekea mafundi, wauza nguo, shehe mmoja na wakwe wa shehe. Wakaanza kumwita Ilias Opera. Wapo waliodhani kampuni ya Opera ni ya ukoo wake.

"Sikuwa ninauza," anasema. "Nilikuwa tu sipendi kuona mutu ananunua mega asubuhi, saa sita anaomba ya jirani."

Leo ana miaka ishirini na nane, na kwa siku ya kutembea analipwa faranga elfu kumi na tano. Siku ya kukaa hailipwi. Kwa hiyo, juma lililopita, Joëlla alipomwita waketi wazungumze, Ilias alijua mambo yameharibika kwa kule kuitwa kuketi tu.

Tovuti ilikuwa ya wauza samaki wa Kajaga. Mafuta ya magari yakikosekana, na hukosekana, mtu wa mjini hawezi kufunga safari hadi ziwani halafu akute samaki wamekwisha. Basi mwanamke atangaze alichonacho alfajiri, mteja aagize kabla hajatoka nyumbani. Kwenye Chrome ilikwenda kama maji. Kwenye Opera Mini ya Saliha, kitufe cha "Tuma" hakikuonekana kabisa. Joëlla anakiri kosa lilikuwa la ukurasa: aliutia madoido mengi, na vivinjari vyepesi huyaacha madoido nje ili kuokoa mega. Kitufe kiliachwa pamoja nayo.

Kuurekebisha kungekula muda, na soko lilikuwa limeahidiwa Jumatatu. Joëlla akafungua kompyuta, akamwonyesha Ilias dunia ilivyo. Karibu watu wawili katika kila watatu hutumia Chrome. Safari, ya wenye iPhone, inafuata kwa mbali. Waliobaki, Opera akiwemo, wanagawana makombo.

Ilias alikitazama kile kipande chembamba cha Opera kama mtu aliyeonyeshwa kiwanja cha urithi wake akakuta kina upana wa mlango.

"Kama ni Chrome peke, simu moja inatosha," Joëlla akamwambia. "Na hiyo simu mi ninayo."

"Niliisikia mu miguu kwanza," anasema Ilias.

Akamkumbusha Joëlla habari za mama yake mdogo. Joëlla akajibu kwamba mama mdogo ni mtu mmoja. Ilias akasema Bujumbura nzima ni mama mdogo, dunia ihesabu vya kwake, yeye atahesabu vya hapa. Akaomba siku chache. Akapewa.

Zile siku, waliomwona wanasema hakutembea, alitawanyika. Asubuhi yuko Kajaga, adhuhuri yuko Asiatique, mtaa wa maduka, jioni yuko Ngagara anawavizia watumishi wa serikali wakitoka kazini. Mabasi yalikuwa machache, hivyo alikwenda kwa viatu vyake. Swali lilikuwa moja, na tunalinukuu lote: "We unaingiaka internet na nini? Opera, sivyo?"

Ndiyo, wakasema. Ndiyo, mwanangu. Ego, Opera. Wasichana wa saluni walisema Opera. Mlinzi mmoja asiye na simu alisema Opera.

Asiatique, Mzee Sultani, muuza vitambaa ambaye babu zake walitoka Oman, alimkalisha, akamtilia kahawa na kumwapia kwamba yeye ni Opera tangu zamani. Mkononi alikuwa ameshika iPhone kubwa kama kigae.

Ilias aliiona ile iPhone, na aliiona vizuri. Akahesabu Opera.

Alirudi gereji na ushindi: watu saba katika kila kumi. Joëlla hakubisha. Aliigeuza kompyuta tu. Ukurasa wa majaribio ulikuwa umesambazwa kwa watu tangu majuma mawili, na kila anayeingia huacha alama ya mlango aliopitia. Katika kila kumi, saba walikuwa Chrome. Wawili waliingia wakiwa ndani ya Facebook, bila hata kujua kuna kivinjari. Opera alikuwa mmoja.

"Uliwauliza," Joëlla akasema, "ao uliwaangalia?"

Ilias hakungoja amalize. Alikwenda Asiatique mbio, akaingia dukani kwa Mzee Sultani bila salamu, kisha akatoka, akaingia tena na salamu.

Alichokuta huko bado anakisimulia huku akitazama pembeni. Mzee hakukana. Alikunja kitambaa alichokuwa anapima, akamweleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto kutawadha.

"Ulikuja hapa mu jua la saa saba, viatu vyote vumbi. Ukaniuliza 'Opera, sivyo?' na macho ya mutu anayemuombea mugonjwa. Wallahi, ningekuambia apana?"

"Muzee, umeniharibia kazi."

"Mi nilikupa kahawa na jibu," akasema Mzee Sultani. "Vyote viwili ulivifurahia."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa mji mzima. Hakuna aliyemdanganya kwa ubaya. Mtu aliyewawekea kivinjari bure anakuja amechoka, anauliza jibu likiwa tayari mdomoni mwake. Nani amnyime? Bujumbura ilimhurumia Ilias kwa wingi wa saba kwa kumi.

Alirudi Ngagara kukabidhi mfuko wa simu. Akautua mezani. Akaanza kuzitoa moja moja, akimweleza Joëlla ipi huwaka kwa kubanwa.

Joëlla alikuwa bado kwenye kompyuta. Kuna jambo halikumtulia. Yule mmoja wa Opera, akasema, ana saa zake. Anaingia alfajiri, mitumbwi ikifika. Anafungua ukurasa, anajaza, anateremka hadi chini, anatoka. Kesho yake anarudi, anateremka, anatoka. Hatumi kitu.

Si mmoja tu, walikuwa wengi, na wote walifanya hivyo hivyo. Walikuwa wanatafuta kitufe.

"Wale saba wa Chrome ni wanunuzi," Joëlla anaeleza sasa. "Soko nilikuwa nimelijaza wanunuzi. Samaki ilikuwa imebaki inje."

Akakesha akitengeneza ukurasa wa pili, mweupe, bila picha wala doido. Kisha akaweka sharti. Ilias aende na simu zake Kajaga, akae, aangalie. Asiulize, asionyeshe, asiguse. Akimsaidia mtu hata kwa kidole kimoja, hesabu imekufa. Wakiweza wenyewe, ukurasa unabaki, na miguu yake inabaki na mshahara. Wakishindwa, ni Chrome peke.

Ndiyo maana asubuhi hii amekalia mikono.

Saliha anabonyeza, anapuliza kioo, anabonyeza tena. Anaweka simu kwenye goti, anamhudumia mteja, anaichukua. Mguu wa Ilias umechimba shimo dogo mchangani. Mara mbili anafungua mdomo, mara mbili anaufunga kama mtu aliyemeza nzi.

Hatimaye Saliha anainua uso. "Imeenda," anasema.

Juma lililopita Ilias angeruka hadi Gatumba mpakani. Leo anatazama simu ya pili, ile inayopaswa kulia tangazo likifika. Haijalia.

"Nimesema imeenda, Ilias."

Kimya.

"Unaniangalia hivyo juu ya nini? Nimeiba?"

Wanawake wa mabeseni ya jirani wameanza kusogea, maana mambo haya hayaonekani kila siku. Saliha anasonya, anairudia simu.

"Bon. Haijaenda. Kitufe ninakiona, hiki hapa. Lakini kinakataa, kinataka bei. Na mi bei nitaitoa wapi, sijamuona Caritas anauzaje?"

Caritas ndiye mwenye meza ya mwisho, upande wa magari. Hapa Kajaga hakuna anayetaja bei ya ndagala kabla ya kupita mbele ya jirani na kuiba yake kwa jicho. Kila mwanamke pale analijua hilo. Joëlla hakulijua. Ilias alilijua tangu utotoni, na ameutembeza ule ukurasa wa kwanza majuma mawili mazima bila kulifikiria, kwa kuwa kila alipouliza kama kuna tatizo aliambiwa hakuna.

Saliha anainuka. Anatembea taratibu mbele ya Caritas kama mtu anayenyoosha mgongo, anasalimia, anaulizia watoto, anarudi. Anaketi. Anaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Anabonyeza.

Simu ya pili inalia.

Ilias anatoa mikono chini ya mapaja na hajui pa kuiweka. Kabla hajaamua, simu ya kwake mfukoni inaita. Ni Joëlla, kutoka gereji.

"Nani huyu," anauliza, "mwenye beseni mia tatu za ndagala?"

Mabeseni ni matatu. Saliha anadai simu ndiyo iliyoongeza hizo sifuri, kisha anafikiri kidogo na kusema ziachwe, zinamletea heshima. Upande wa pili Joëlla anacheka hadi anakohoa. Kosa kama hilo, anasema, Ilias asingeweza kulitengeneza hata angetaka. Huyo ni mama mdogo mwenyewe.

Ukurasa mweupe utafunguliwa Jumatatu sambamba na ule wa Chrome, na bei itajazwa baadaye, mwenye samaki akishapita kwa jirani. Mfuko wa simu unabaki begani kwa Ilias.

Bado anaipenda Opera, na hataki kusikia vingine. Lakini mpango wake sasa ni kushuka na ufuko wa ziwa, Rumonge hadi Nyanza-Lac, kila mahali mitumbwi inapotua, akakae kwenye ndoo zao na kuangalia vidole vyao. Anataka kufika huko kabla mhandisi yeyote hajawatengenezea kitu.

"Ila ninaomba Mungu anipe mgongo," anasema. "Kuketi kunauma kuliko kutembea."

Jua limepanda na ndagala zinapungua. Ilias tayari amesimama, mfuko begani, mguu mmoja umeelekea barabarani. Kabla hajaondoka anamgeukia Saliha, na mazoea yanamshinda. Anamuuliza kama ule ukurasa umemsumbua.

"Apana, mwanangu," anasema Saliha, akijipangusa jasho la paji la uso kwa ncha ya kitenge. "Ni mwepesi tu."

Ilias analitazama lile jasho. Kisha anatoa simu, na huku akitembea anamwandikia Joëlla: "Anasema ni mwepesi. Usimuamini."