Mashine ya CD Niliyomchagulia Mama Anjela

Kaa kwanza, mwanangu. Weka hizo mashine zako mbili mezani, usiwashe chochote. Tangu asubuhi nakuangalia unavyozipima. Unavaa kaske kichwani, masikio yote yamefunikwa, unapandisha sauti mpaka mwisho, unatikisa kichwa, halafu unatangaza: hii kali, ile takataka. Najua vijana mmeanza tena kuzipenda hizi mashine za CD za kutembea nazo. Simu zimewachosha, na mitumba inawaletea. Vizuri, sina ugomvi. Ila hivyo unavyopima ndivyo nilivyopima mimi nilipokuwa kijana, na iko siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina meza yangu hapa hapa sokoni Kasongo. Watu waliniita Idi Masikio. Mfanyabiashara akileta mashine kutoka Uvira, haiuzwi kwanza mpaka Idi aisikilize. Mteja akisita, anaambiwa, "Mupelekee Idi." Basi jina hilo lilinipanda kichwani. Nilikuwa na CD yangu moja ya muziki wa kucheza, yenye besi ya kutikisa kifua, nayo ndiyo ilikuwa kipimo changu. Mashine ikiipiga kwa nguvu, imepita. Isipoipiga kwa nguvu, nairudisha kwenye boksi na maneno ya dharau juu yake. Ujana bwana! Nani angeniambia kitu?

Siku hiyo alikuja mama mmoja kutoka Kabambare. Mama Anjela. Alikuwa amelala njiani usiku mmoja, kikwembe alichojifunga kimejaa matope ya pikipiki mpaka magotini. Alifungua kitambaa akatoa CD, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai. Akanieleza kwa upole kwamba mwanawe wa pekee wa kiume, Fideli, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia yao. Kwaya ilisafiri mpaka Bukavu kurekodi. Waliporudi, Fideli akashikwa na homa, na wiki ya pili akafariki. CD ilifika baada ya mazishi. Mama hakuwa na kanda nyingine ya mwanawe, wala kitu chochote chenye sauti yake, isipokuwa hiyo.

"Nataka mashini ya kusikilizia peke yangu," akasema. "Ya kuvaa masikioni. Sitaki majirani wanione nikilia kila siku. Unichagulie iliyo muzuri, mutoto wangu. Ujaribu na hii CD."

Mwanangu, sikuijaribu na ile CD. Nilicheka. Nilimwambia, "Mama, hii ya kwaya haina nguvu, haiwezi kuonyesha mashini. Mimi niko na CD ya kupimia." Naye, kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye fundi wa masikio, akairudisha CD yake kwenye kitambaa.

Nilikuwa na mashine mbili. Moja ya kijivu, ya kawaida tu, hata sura haina. Nyingine nyeusi, inang'aa, ina taa ya bluu. Nikaweka muziki wangu katikati ya kelele za soko, pikipiki zinapita, wauza mafuta ya mawese wanaitana, nikapandisha sauti. Ile nyeusi ilinipiga masikioni mpaka nikafumba macho kwa raha. Ya kijivu ilikuwa imetulia, nikaiona dhaifu. Sikukaa hata dakika tano. Nikamfungia mama ile nyeusi, nikamtilia pile mpya mbili, betri za kuiwasha, nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna nzuri kuipita hiyo Kasongo nzima. Alinibariki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, alinibariki.

Mwaka mmoja ukapita. Nikapata safari ya kwenda Kabambare na mizigo yangu, na ile mashine ya kijivu ikiwa bado kwenye begi, hakuna aliyeitaka. Nilipofika nikaona ni adabu kwenda kumsalimu mteja wangu. Nikamkuta anaanika karanga. Alinipokea kama mwanawe, akaleta kiti, akaleta maji, akachinja kuku nikimkataza.

Nikamuuliza habari za mashine. Akasema, "Mashini yako iko muzuri sana, Idi. Inapiga kwa nguvu vile ulisema. Watu ndio wabaya."

"Watu gani, mama?"

"Wa kwaya. Wamemutoa Fideli."

Akanieleza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Katika wimbo wa nne kuna mwimbaji anayeongoza, na nyuma yake Fideli alikuwa anaitikia peke yake, chini chini. Mama aliujua mwitikio huo wote, maana mtoto aliufanyia mazoezi nyumbani mwezi mzima, akipepeta mchele na kuimba. Sasa kwenye CD anasikia kiongozi, anasikia ngoma, ngoma tena, na mwanawe hayupo. Amesikiliza mpaka pile zimeisha hajui mara ngapi. Akaamua kwamba kijana alipokufa, kwaya ilimfuta, ikarekodi upya bila yeye. Alikwenda kwa Mwalimu Dominiko, kiongozi wa kwaya, akamwambia hivyo mbele ya watu. Mwalimu alimwomba aingie kwake asikilize kwenye redio ya parokia, akakataa hata kukanyaga ua wake. Tangu hapo hawasalimiani. Kanisani aliacha kwenda. Mwaka mzima, mwanangu, mama anaomboleza mtoto, na anaamini watu aliokula nao wamemwibia hata sauti yake.

Nilikasirika kuliko yeye! Nikachukua mashine na CD, nikaenda kwa Mwalimu Dominiko nikiwa nimevimba. Nikamkuta anasahihisha daftari za wanafunzi wake. Nikaanza kumhubiria habari za kuwaheshimu marehemu. Mimi, Idi, kijana wa Kiislamu kutoka Kasongo, namfundisha mwalimu wa kwaya dini yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, "Wewe ndiye ulimuuzia hii mashini?"

Nikasema ndiyo, kwa majivuno.

"Uko na nyingine?"

Nikatoa ile ya kijivu kwenye begi langu. Akanifunga macho kwa kitambaa, akafunga dirisha, akawafukuza watoto waliokuwa wakicheza barazani. Akanivalisha kaske. Akasema, "Nitakupigia wimbo wa nne mara mbili, mashini mbili, kaske moja. Hutajua ipi ni ipi. Na zote nitazipa sauti sawa, ya chini."

Nikamwambia ya chini haitaonyesha kitu. Akasema, "Ile inayopiga kwa nguvu zaidi, sikio huipenda hata kama iko mubaya. Ndiyo sababu nazisawazisha. Nyamaza sasa."

Mara ya kwanza nikasikia ngoma nzito, nzito, kama gunia limewekwa juu ya wimbo. Hata pale wimbo ulipopumzika, kulikuwa na mvumo mdogo, shhh, usiokoma. Mara ya pili ngoma ilisogea nyuma ikakaa mahali pake. Pumziko likawa kimya kweli. Na nyuma ya kiongozi, upande wa kushoto, kijana mmoja akavuta pumzi na kuitikia. Sauti laini, yenye mkwaruzo kidogo.

"Ipi iko muzuri?" Mwalimu akauliza.

"Ya pili."

Akanifungua macho. Mkononi alikuwa na ile ya kijivu.

Nyeusi ilikuwa imetengenezwa na besi isiyozimika, inayofunika kila sauti ya chini. Hakuna kitufe cha kuipunguza, nilikuwa sijahangaika hata kukitafuta. Mwalimu hakunitukana. Alikaa, akasema polepole: "Yule mama alikuletea CD yake mwenyewe. Kwa nini ulipima kwa yako? Ulikuwa unamuchagulia yeye, ao ulikuwa unajifurahisha?"

Nikaokota mashine zote mbili na ile CD.

Tulirudi kwa mama wote wawili. Mwalimu akasimama nje ya ua kwa kuwa hakukaribishwa. Nikamvalisha mama kaske, nikaweka mashine ya kijivu mapajani mwake, wimbo wa nne. Aliufuata kwa midomo. Ilipofika ile sehemu, midomo ikasimama. Akashika kaske kwa mikono miwili, akaibana kwenye masikio, machozi yakaanza kumtoka bila kelele yoyote. Wimbo ukaisha. Akaniuliza, "Nani amemurudisha?"

Mwanangu, pale ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema mashine ile ya kwanza iliharibika njiani, na angeniamini. Nikapiga magoti kwenye karanga zake. "Hakuna aliyemutoa, mama. Alikuwamo siku zote. Mimi ndiye nilimufunika. Nilikuchagulia mashini kwa muziki wangu."

Akasema, "Mwaka muzima, Idi." Hilo tu. Halafu akainuka, kaske ikiwa bado shingoni, akaenda mpaka kwenye ua, akamwambia Mwalimu Dominiko, "Ingia ndani. Nisamehe." Mwalimu akaingia. Wakakaa mkeka mmoja, wakapeana kaske, kila mmoja dakika yake, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto mdogo.

Basi sikiliza neno langu, wewe unayeanza kuuza mashine. Mtu akija, muulize kwanza anataka kumsikia nani. Pima kwa CD yake, si kwa yako. Tafuta mahali penye kimya. Sawazisha sauti za mashine zote mbili kabla hujasema ipi ni bora, tena uzishushe, maana sauti kubwa inamdanganya hata hodari. Zima mapambo yote ya besi. Usikilize na pale ambapo hakuna kinachoimba. Kama huna uhakika, funga macho, mwenzako abadilishe. Na ukigundua ulikosea, usingoje mteja akufuate. Nenda mwenyewe, hata kama ni safari ya matope, ukaseme kwa mdomo wako kwamba kosa lilikuwa lako, maana huenda kuna mtu amegombana na jirani yake kwa sababu yako na wewe hujui.

Mungu akulindie masikio yako, mwanangu, na akupe moyo wa kuwachagulia watu kama unavyomchagulia mama yako. Wateja wako watoke mezani kwako na kile walichokuja kukitafuta. Haya, shusha sauti, tuanze upya. Mpigie simu yule binti uliyemuuzia mashine jana, umuulize alitaka kumsikia nani.